Mikono ya Baba Inapokufa Ganzi, Angalia na Pikipiki

Mwezi huu naomba tuzungumze jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia akina baba na mafundi: pikipiki inayotetemeka kupita kiasi. Utauliza, muuguzi na pikipiki wapi na wapi? Lakini huku kwetu Mbeya na Iringa pikipiki ndiyo jembe la nyumba nyingi. Inatoa ada, inatoa sabuni, na mikono inayoiendesha ndiyo inayotulisha.

Dalili huanza nyumbani, na mama ndiye anayeziona kwanza. Baba anashika kikombe cha chai kinamponyoka. Kufunga vifungo vya shati kunamshinda. Usiku anaamka akikung'uta mikono, anasema inawaka moto au imejaa sisimizi. Asubuhi ya baridi ya Juni au Julai, vidole viwili vitatu vinapauka kana kwamba havina damu. Wengine hudhani amerogwa. Hapana. Mtetemo wa muda mrefu huumiza mishipa midogo ya damu na ile ya fahamu katika vidole, na baridi huzidisha.

Jambo hili si geni. Mwaka 1918 daktari mwanamke wa Marekani, Alice Hamilton, aliandika habari za wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo zinazoendeshwa kwa nguvu ya hewa. Vidole vyao vilikuwa vyeupe na vyenye ganzi, hasa asubuhi za baridi. Miaka mingi baadaye, huko Japani, hali kama hiyo ilionekana kwa wapeleka barua waliokuwa wakifanya kazi kwa pikipiki.

Sasa tufike kwenye pikipiki yenyewe. Hizi ndogo tulizo nazo zina pistoni moja inayopanda na kushuka, kwa hiyo haziwezi kutulia kabisa. Ule mtetemo wake wa siku zote usikusumbue. Wa kutafuta ni ule mpya, au ule unaoongezeka wiki hadi wiki.

Mwambie baba au kijana aanze hivi. Asimamishe pikipiki kwa stendi kubwa, gia iwe huru, kisha apandishe moto taratibu. Kama inatetemeka vilevile ikiwa imesimama, ugonjwa uko kwenye injini au vinavyoishikilia. Kama imesimama imetulia, lakini barabarani inatetemeka na kuzidi kadiri mwendo unavyozidi, ugonjwa uko kwenye magurudumu au cheni. Kuna na kipimo cha tatu: akiwa kwenye barabara tambarare isiyo na magari, akamate klachi kidogo, aache pikipiki iserereke bila kuzima injini. Mtetemo ukiendelea, ni magurudumu. Ukikoma, arudi kwenye injini. Asijaribu hilo kwenye mteremko, na wala asiwe amebeba mtu.

Kwa injini, aanze na bolti zinazoishika kwenye fremu, na za ekzosi. Bolti inayocheza hujitangaza yenyewe: pembeni yake utaona vumbi la kutu au chuma kilichosuguka kikang'aa. Hapa macho ya mama yanasaidia sana, maana anayeosha pikipiki kwa kitambaa huona mengi kuliko anayeipanda. Pikipiki ya kabureta iliyotengenezwa iwake vizuri pwani inaweza kukohoa huku juu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, hivyo mafuta yanazidi hewa. Fundi arekebishe, na aangalie plagi.

Kwa magurudumu, tazama upepo wa tairi kwanza, ni bure. Inua gurudumu, lizungushe, shikilia kijiti karibu na rimu: likiyumba litakigusa upande mmoja na kukiacha upande wa pili. Gonga kila spoku kwa spana. Ile yenye sauti butu imelegea. Cheni, sehemu ya chini katikati, icheze sentimita 2 hadi 3 kwa pikipiki nyingi, lakini kitabu cha pikipiki ndicho chenye neno la mwisho. Apime sehemu kadhaa huku akizungusha gurudumu, maana cheni iliyochoka hukaza hapa na kulegea pale. Na magunia ya viazi au mbao za Mafinga zikirundikwa nyuma, mbele hupungua uzito na usukani huanza kucheza. Hapo hakuna bolti ya kukaza, ni kupunguza mzigo.

Vile vyuma vizito vilivyo mwisho wa usukani vijana huving'oa wakidhani ni pambo. Vimewekwa kupunguza mtetemo! Virudishwe. Sifongo nene juu ya mpini nayo haisaidii kama wanavyodhani. Mkono hulazimika kukaza zaidi, na kukaza ndiko kunakoingiza mtetemo mwilini. Ashike kwa wepesi, avae glovu za kumpa joto, apumzike kati ya safari. Sigara aache, kwani hubana mishipa ileile.

Mama mjamzito akianguka na pikipiki, hata kama hasikii maumivu, aende akapimwe siku hiyohiyo.

Kwa baba mwenye ganzi, usingoje. Mapema, mtetemo ukipunguzwa, wengi hupata nafuu; akikaa miaka, ganzi inaweza kubaki. Lakini ganzi iliyoanzia miguuni usiisingizie pikipiki. Hiyo akapimwe sukari, na kama anatumia dawa za kifua kikuu amweleze mhudumu, kwa sababu mojawapo ya dawa hizo huweza kuileta, na kuna vitamini ya kuizuia.