Madoa juu ya gome la mfenesi

Mwezi uliopita mama mmoja mjane alinijia akilia. Kwenye gome la mfenesi wake yalikuwa yametokea madoa meupe, na juu ya weupe ule vidoto vyeusi, vidogo kama vichwa vya sindano. Majirani walinena ya kuwa ni alama ya uchawi wake; nao si wapagani, ni watu wa kanisani! Kijana wake alikwisha kushika panga aukwangue mti.

Nikaenda, nikautazama. Si uchawi, wala si ugonjwa. Ni kuvumwani, na jina lenyewe laeleza habari zake: viumbe viwili vikaavyo pamoja, kuvu na mwani. Kuvu hujenga nyumba na kushika maji. Mwani, mdogo hata jicho haliuoni, hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Simon Schwendener wa Uswisi alipoyatangaza hayo mwaka 1867, wataalamu wengi wa mambo hayo walimkatalia.

Yenye vidoto namna hii wataalamu huiita Arthonia, ingawa ziko nyingine zifananazo nayo. Hupenda magome laini yenye kivuli. Katika vile vidoto ndimo kuvu huzalia vijimbegu vyake. Ukikwaruza kidogo kwa ukucha, mara nyingi huonekana rangi ya chungwa, ndiyo rangi ya mwani ulio ndani.

Haina mizizi ya kuunyonya mti. Hunywa mvua na ukungu tu. Kwa hiyo ukipanda kutoka Morogoro mjini kwenda Bondwa, mlima upitao mita 2,000, utaona mashina yamevikwa zaidi na zaidi. Na upande wa mashariki wa Uluguru, upokeao pepo za Bahari ya Hindi, hupita huo. Penye moshi mwingi kuvumwani nyingi hufa. Nylander aliligundua jambo hilo mjini Paris mwaka 1866, katika miti ya bustani ya Luxembourg.

Kijana akaweka panga chini. Kukwangua ndiko kungaliudhuru mti, maana gome likijeruhiwa uozo hupata mlango.

Majirani walikuwa kazi ngumu zaidi. Niliwaita watatu watazame kwa kioo cha kukuzia cha shuleni. Wawili walicheka, wakamwomba mama yule radhi. Wa tatu alitazama kitambo kirefu, akaenda zake pasipo neno, na Jumapili iliyofuata hakumpa mkono.