Kocha anayefaa ni yule anayehesabu mipira

Mzazi wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam ambaye binti yake amependa kandanda hakosi kocha. Akipenda netiboli, shuleni hapo hapo atapatikana mwalimu aliyewahi kuicheza. Lakini binti akirudi nyumbani na kusema anataka kuwa mrushaji wa softiboli, mzazi hubaki ameduwaa. Mchezo wenyewe anausikia kwa mbali, na ndani ya mchezo huo mtoto amechagua kazi isiyofanana na nyingine yoyote: kusimama peke yake katikati ya uwanja na kuurusha mpira kwa mkono wa chini, mara 60 au 80 au zaidi katika mechi moja, kila mtu akimtazama.

Makocha wa kazi hiyo katika nchi za Jumuiya ni wachache mno. Kwa hiyo mzazi humchukua wa kwanza anayejitokeza na kushukuru kwamba amepatikana. Kosa linaanzia hapo, na anayelilipia ni msichana, kwa bega lake.

Vipaji havijakosekana. Wasichana wa ukanda huu wanarusha mpira tangu wakiwa wadogo. Mchezo ambao Watanzania wanauita rede, Wakenya wanauita kati na Waganda wanauita kwepena, na mpira wa matambara unaruka vile vile pande zote za mipaka. Katika shule za msingi za Kenya kuna raunda, ambayo mrushaji wake hutupa mpira kwa mkono wa chini, na huyo tayari yuko nusu ya safari. Viwanja navyo vimeanza kuonekana. Dar es Salaam kuna uwanja uliojengwa katika Shule ya Sekondari Azania kwa msaada wa Wajapani; wilayani Mpigi, Uganda, Mmarekani Richard Stanley alijenga viwanja pamoja na shule. Mwaka 2012 wavulana wa Lugazi walifika Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko.

Wavulana, na besiboli. Ndiyo shida yenyewe, kwa sababu makocha wengi wanaopatikana walilelewa na besiboli, na kwa mtazamaji wa mbali michezo hii miwili ni kitu kimoja. Kwa mrushaji si kitu kimoja hata kidogo. Wa besiboli huutupa mpira kutoka juu ya bega, akisimama kwenye kichuguu, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Wa softiboli husimama kwenye ardhi tambarare, mita 13.11 tu kwa wanawake wakubwa na 12.19 kwa wasichana wa miaka 12, akiuzungusha mkono duara kamili, kutoka pajani hadi juu ya kichwa na kurudi, kisha anauachia mpira karibu na nyonga. Nguvu inatoka kwenye mguu anaosukumia na kwenye kiuno. Mkono unafuata tu. Kocha wa besiboli aliye mwaminifu anaweza kujifunza haya na kuyafundisha vizuri, na wapo waliofanya hivyo. Asiye mwaminifu atasema kurusha ni kurusha.

Swali la kwanza la mzazi, basi, lisiwe kocha alichezea timu gani. Sifa za uwanjani hazimfanyi mtu kuwa mwalimu. Amuulize ataanzaje na mtoto ambaye hajawahi kurusha. Anayejua kazi yake atajibu kwamba wataanza karibu, mita nne au tano, kwa nusu duara, pengine na soksi iliyoviringishwa ikilengwa kwenye alama ya chaki ukutani, na kwamba wiki za kwanza hakuna atakayeuliza habari ya kasi. Atasema pia kwamba mtupo wa pili baada ya ule wa kawaida ni wa polepole, unaomdanganya mpigaji, na kwamba mipira ya kupinda itasubiri. Kocha anayetaka kufundisha mitupo mitano mwezi wa kwanza anajifurahisha mwenyewe.

Lakini yote hayo ni madogo kuliko jambo la kuhesabu.

Kila anayependa softiboli anamjua Yukiko Ueno wa Japani. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alirusha mipira 413 kwa siku mbili, na Japani ikaifunga Marekani na kutwaa dhahabu. Makocha wanapenda kuwasimulia mabinti habari hiyo kama somo la moyo. Ni kweli alikuwa na moyo. Alikuwa pia mwanamke wa miaka 26, mwenye misuli ya mtu mzima, timu ya madaktari nyuma yake, na siku hiyo ilikuwa fainali ya Olimpiki. Binti wa miaka 12 anayecheza bonanza la Jumamosi hana hata kimoja cha hivyo.

Nyuma ya hadithi hiyo kuna imani iliyozagaa kwamba kurusha kwa mkono wa chini ni kwa asili, kwa hiyo hakuumizi. Wataalamu wa tiba ya michezo waliopima warushaji wa softiboli wamekuta mkazo unaovuta bega unakaribia ule wa besiboli, na msuli wa mbele wa mkono unafanya kazi kubwa zaidi mpira unapoachiwa. Hata hivyo, ligi ya watoto ya Marekani iliyoanza mwaka 2007 kuweka ukomo wa idadi ya mipira kwa mvulana wa besiboli haikumwekea msichana wa softiboli ukomo wa aina hiyo. Kwake zilihesabiwa ingi, yaani awamu za mchezo, na awamu moja inaweza kuwa na mipira mitano au arobaini. Wazazi wa huko wamelilalamikia jambo hilo sana. Madaktari wa michezo wa Marekani wamependekeza isizidi mipira 65 kwa mechi kwa msichana wa miaka 10 hadi 12, na 80 kwa wa miaka 13 na 14, kisha siku za kupumzika baada ya siku mbili mfululizo.

Hizo namba hazihitaji mashine. Zinahitaji daftari na kalamu. Na hapa mzazi anaweza kumjua kocha bila kuufahamu mchezo: aende siku moja mazoezini, aketi, atazame kama kuna mtu anayehesabu. Anapoona binti anaanza kukosa shabaha na bega limeshuka, asikilize kocha anasema nini. Kuna anayesema, "Mwanangu, basi kwa leo, nenda kanywe maji." Kuna anayesema, "Mipira ishirini mingine mpaka ipite katikati." Wa pili anaweza kuwa na vikombe kabati zima, mtoto asipelekwe kwake. Timu zenye mrushaji mmoja ndizo zenye kishawishi kikubwa, kwa sababu yeye akipumzika timu inafungwa. Kocha mzuri huandaa wawili au watatu na kukubali kufungwa mechi kadhaa wakati wanajifunza.

Jambo la kinga ya uso ni fupi. Mrushaji akimaliza kurusha anakuwa karibu zaidi na mpigaji kuliko mita zile 13, na mpira uliopigwa vizuri unamrudia kabla hajainua glovu. Kocha asiyeona haja ya kinga hajawahi kuona jino likiokotwa kwenye vumbi.

Lisilo fupi ni lile ambalo wazazi wetu wanaona haya kulisema. Mafunzo ya kurusha ni ya mtu na mtu. Kocha hulazimika wakati mwingine kugusa bega, kiuno au nyonga ili kurekebisha mkao. Makocha wengi wana nia njema, na hao hawaoni shida kusema kabla ya kugusa, kufundisha mahali pa wazi, kuwa na mama, baba au shangazi jirani, na kumpigia mzazi simu badala ya kumtumia mtoto ujumbe usiku. Anayekasirika akiambiwa hayo amejibu swali. Kuna pia wanaotanguliza ndoto: ufadhili wa vyuo vya Marekani, Olimpiki ya Los Angeles 2028, halafu ada ya mwaka mzima ilipwe mapema kwa simu. Ufadhili upo kweli, na sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ya usawa katika elimu ndiyo iliyofungua mlango huo kwa wanawake wachezaji. Ila mtoto ambaye hajamaliza mwezi wa kwanza hauziwi tiketi ya ndege. Kocha makini atauliza kwanza cheti cha kuzaliwa kama kiko sawa. Waganda hawajasahau mwaka 2011, timu yao ya watoto ilipofuzu kwenda Williamsport na kunyimwa viza kwa sababu nyaraka za umri hazikuafikiana.

Mzazi peke yake hawezi kuchunguza yote. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, na Mkataba wa Jumuiya una kifungu kizima, cha 119, kuhusu utamaduni na michezo. Wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuana vyeti kati ya nchi. Makocha wa watoto hawamo. Kocha anayefukuzwa kwa kumdhalilisha msichana katika nchi moja anaweza kupanda basi jioni, na kesho yake akajitambulisha kama mtaalamu upande wa pili wa mpaka. Na aliye mwema, aliyesomea kazi hii, hana karatasi inayoaminika nje ya kwao. Mawaziri wa michezo wa nchi wanachama wanaweza kuagiza rejista moja ya makocha wa watoto, kwa michezo yote, yenye majina ya walioruhusiwa na ya waliozuiwa. Haihitaji uwanja mpya wala mfadhili.

Rejista hiyo isipokuwepo, wazazi wa mabinti hawa wachache waulizane. Kundi la simu la wazazi wa Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam linatosha kujua nani alimfundisha nani, aliondoka kwa nini, na kama mabega ya wanafunzi wake wa miaka mitatu iliyopita bado ni mazima. Likizo ya Agosti au Desemba inatosha pia kumleta kocha mmoja mwema kutoka nchi jirani kwa wiki mbili, gharama zikigawanywa kwa familia sita au saba, na waalimu wa hapo wakimtazama anavyofanya.

Baada ya wiki hizo mbili mzazi ageuze ndoo, aketi juu yake na glovu, amwambie binti arushe. Kisha amwombe amweleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini mguu unatangulia, na leo amerusha mipira mingapi.