Samadi Zizini, Njaa Shambani

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu tuliomo maofisini katika Shinyanga na Geita tuna mashamba kwa wazee wetu, na mshahara wetu ndio unaonunua mbolea ya dukani na dawa ya pamba. Basi neno hili latuhusu. Tusiwaachie mabwana shamba peke yao.

Karani ajua ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Udongo nao una daftari lake. Kila gunia la mahindi litokalo shambani limechukua chakula cha udongo. Mbolea ya kiwandani hurudisha sehemu ya chakula hicho, walakini hairudishi mboji, ambayo hushika maji na kuufunga udongo. Katika luseni, yaani mchanga wa miinukoni, upungufu huo huonekana upesi: maji hayakai, na kiduha huota katikati ya mtama.

Wako wasemao kwamba bila sumu pamba haizai. Na watazame Meatu, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Shinyanga mpaka 2012. Huko wakulima wa bioRe walianza mwaka 1994 kulima pamba pasipo mbolea ya kiwandani wala sumu ya wadudu. Hutumia samadi, hubadilisha mazao, na hupanda alizeti kati ya pamba. Kwa upande mwingine endosulfani, iliyonyunyiziwa pamba zamani, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya sumu za kukomeshwa.

Tena tukumbuke ngitili. Mpango wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 zilibaki hekta 600 hivi. Baada ya mwaka 2000 zilihesabiwa zaidi ya 300,000. Ngitili ni malisho, na ng'ombe aliyeshiba ndiye mwenye samadi.

Sikatai ya kuwa kubeba samadi ni kazi nzito, wala si kila mtu ana zizi. Lakini mazizi mengi ya kwetu yamejaa samadi mwaka hata mwaka, na shamba lililo jirani lina njaa. Yafaa basi, kabla ya mvua kuanza, kila mwanachama atume nyumbani fedha ya mkokoteni kwanza, ndipo afikiri habari za mfuko wa mbolea.

Dhahabu ya Geita ikichimbwa hairudi shimoni. Rutuba hurudi, lakini kwa yule tu airudishaye.

Ni mimi mwenzenu,
Karani, Shinyanga