Elimu na Ufundi: Kushuka Nako Kwataka Hadhari

Wapo vijana wetu ambao siku za mapumziko huenda kujifunza kurusha ndege ndogo nyepesi nje ya Johannesburg. Wazazi huogopa kupaa. Sisi twawaomba waulizie pia kushuka.

Baadhi ya ndege hizo zimefungwa injini ya Rotax 582, yenye silinda mbili, ipozwayo kwa maji. Rubani akifunga mafuta na kushuka kwa muda mrefu, injini hupoa. Tena hupata oili kidogo, kwani oili huja pamoja na petroli. Akikaribia ardhi akaona kizuizi uwanjani, hufungua mafuta kwa ghafla. Pistoni hupata moto na kutanuka upesi, ilhali silinda ingali baridi. Pistoni hukwama, injini huzima, na kimo cha kujiokoa hakipo tena.

Hatari huzidi asubuhi za Juni na Julai, kwani mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na baridi yake twaijua.

Dawa ni subira. Rubani aanze kushuka mapema, abakize mafuta kiasi, atazame geji ya joto, na atakapo nguvu aongeze taratibu. Tena asiuache uwanja umtoke mbali hata asiweze kuufikia bila injini.

Kumtegemea Mola hakuondoi wajibu wa kumfunga ngamia. Mzazi, kabla hujalipa ada, muulize mwalimu wa mwanao: "Humfunzaje kushuka?"