Kumi Waliochaguliwa na Nani?



Mwajiri mmoja wa hapa New Site, Juba, amebandika tangazo langoni: wafanyakazi 10 wameulizwa juu ya maji ya kunywa kazini, na wote 10 wameridhika. Kwa hiyo mazungumzo yamefungwa. Sisi tunasema hayajafungwa.

Jumapili tulikaa uani na mkebe wa maharagwe, 50 mekundu na 50 meupe. Mekundu ni wanaolalamika, meupe ni walioridhika. Tukatikisa, mmoja wetu akafumba macho akatoa 10. Tukahesabu, tukayarudisha, tukatikisa tena, mpaka mara 30. Mara 21 meupe yalikuwa 4, 5 au 6. Mara moja yalitoka 2, mara moja 8. Meupe matupu 10 hayakutoka kabisa. Kwa hesabu, katika mkebe huo hayatoki hata mara 1 katika 1,000.

Basi ama karibu kila mtu kiwandani ameridhika (masikio yetu hayajalisikia hilo), ama mkebe haukutikiswa. Tukauliza. Wale 10 wote ni wa ofisini na stoo, karibu na bomba. Wa zamu ya usiku hakuulizwa hata mmoja.

Wapo ndugu wanaosema kuuliza wachache ni ulaghai tu. Hapo hatukubaliani nao. Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima. Huchoma bambo juu, katikati na chini. Akichoma juu tu, shauri yake.

Hata hesabu ya watu wa nchi hii imefanywa hivyo. Sensa ya 2008, kabla ya uhuru, ilipata watu milioni 8.26 huku kusini, ikabishaniwa sana. Makadirio ya 2021, yaliyotangazwa 2023, yalitaja milioni 12.4: zilitembelewa kaya za maeneo machache, zikatumika na picha za setilaiti. Nayo yakapingwa. Kupinga ni haki, lakini tuulize maeneo yale yalichaguliwaje, na yasiyofikika yalikadiriwaje. Kwamba hawakubisha hodi kila mlango si hoja.

Madai yetu kwa mwajiri ni haya. Majina yote, ya mchana na ya usiku, yaandikwe kwenye vikaratasi vilivyo sawa, yatiwe debeni, yatolewe 30 mbele ya wajumbe wa chama. Waulizwe bila msimamizi kuwapo. Debe tutaleta wenyewe.