Mashindano ya hisabati: Watoto wanakaririshwa, hawafundishwi kufikiri

Mashindano ya hisabati kwa watoto wadogo si jambo baya. Hilo lielezwe tangu mwanzo ili wasije wakajitokeza wapotoshaji. Swali zuri la chemsha bongo, likiwekwa mbele ya mtoto wa darasa la tatu, laweza kumfundisha kwa nusu saa jambo ambalo hesabu hamsini za kujumlisha na kutoa hazitamfundisha kwa muhula mzima. Kilicho kibaya, na ambacho hapana budi kipigwe vita bila kuoneana haya, ni mtindo uliozuka katika baadhi ya shule wa kuwakaririsha watoto njia za mkato za maswali hayo, kisha kuwapandisha jukwaani na kuwaita vipaji.

Lichukuliwe swali moja linalojulikana sana. Uani mna kuku na mbuzi. Vichwa vyao ni 20 na miguu yao ni 56. Kuku ni wangapi, na mbuzi ni wangapi? Mtoto wa miaka tisa hajui aljebra, wala haihitaji. Akiachwa na karatasi yake atachora vichwa 20, na kila kichwa atakipa miguu miwili, maana uani hamna mwenye pungufu ya hiyo. Amekwisha kutumia miguu 40. Imebaki 16. Ataigawa miwili miwili, nayo itatosha vichwa vinane. Hao wanane ndio mbuzi, na 12 waliobaki ni kuku. Mtoto aliyefika hapo kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kufuta na kuchora upya mara tatu, amejifunza kukisia jambo, kulipima na kulirekebisha. Mhasibu na mhandisi hufanya kazi hiyo hiyo kila siku.

Mwalimu wa mashindano hana subira ya kungoja michoro hiyo. Huandika ubaoni: gawa miguu kwa mbili, toa vichwa, utapata mbuzi. Nusu ya 56 ni 28, toa 20, baki 8. Jibu ni sahihi, limepatikana kwa sekunde kumi, na wazazi wanapiga makofi.

Sasa mtoto huyo huyo apewe swali la pili. Chumbani mna vigoda vya miguu mitatu na viti vya miguu minne. Jumla yake ni 10, na miguu yote ni 34. Viti ni vingapi? Atagawa 34 kwa mbili apate 17, atatoa 10, na atajibu bila wasiwasi wowote kwamba viti ni 7. Lakini viti 7 na vigoda 3 vina miguu 37! Jibu ni viti 4 na vigoda 6. Yule mwenzake aliyezoea kuchora, ambaye pengine hakuitwa jukwaani, atavipa vyote miguu mitatu mitatu, ataona imebaki minne, na atamaliza kazi.

Kanuni ya ubaoni haikuwa ya uongo. Ukigawa miguu kwa mbili, kila kuku amehesabiwa mara moja na kila mbuzi mara mbili, hivyo ukitoa vichwa hubaki idadi ya mbuzi peke yao. Sababu hiyo ni nzuri, na watoto wa darasa la nne wanaweza kuigundua wenyewe wakiongozwa kwa upole. Lakini wamenyimwa sababu, wakapewa kanuni tupu, na kanuni bila sababu ni kasumba kama kasumba nyingine.

Ubaya huo hauishii katika maswali magumu. Wapo walimu wanaowafundisha watoto kuwinda maneno: wakiona “zaidi” wajumlishe, wakiona “baki” watoe. Basi mtoto huulizwa: Juma ana maembe 12, nayo ni 5 zaidi ya maembe ya Asha, wote wawili wana maembe mangapi? Huona “zaidi”, hujumlisha 12 na 5, hujibu 17, na kalamu huiweka chini. Asha ana maembe 7, na wote wawili wana 19. Mtoto aliyekosea si mjinga. Ametii alichofundishwa. Na hapa inafaa kusema kwamba shule zinazofundisha kwa Kiswahili zina utajiri ambao wengi hawauthamini. Mtoto anayesoma swali kwa lugha anayoitumia nyumbani na barazani anaweza kulibishia, kulisimulia upya na kumuuliza mwenzake. Ni ajabu kwamba utajiri huo unatupwa kwa kuwinda neno moja moja.

Wazee walilijua jambo hili zamani. Katika vitendawili, aliyeshindwa hapewi jibu bure. Hutakiwa kwanza atoe mji. Na katika fumbo la mtu anayevuka mto na chui, mbuzi na majani, mtumbwi ukibeba kimoja tu kwa safari, mtoto huachwa asafiri huku na huko kichwani mpaka atambue kwamba mbuzi sharti arudishwe alikotoka.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikwisha kuonya juu ya mitihani inayopima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatapika kwa muda uliopangwa, badala ya uwezo wa kufikiri. Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Kilichotolewa mlangoni sasa kinaingizwa dirishani: mabango ya watoto wa miaka minane waliovalishwa medali, na tuisheni ya jioni kwa wenye uwezo wa kulipa. Wakati huo huo, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka huo wa 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo moja tu ya watahiniwa. Taifa halina upungufu wa washindi watatu wa medali. Lina upungufu wa wale robo tatu.

Watakuwapo watakaosema kwamba mwalimu mwenye watoto 90 darasani hana nafasi ya chemsha bongo. Shida yake ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini swali la kuku na mbuzi halihitaji zaidi ya chaki, vijiti na vizibo vya soda. Watoto wakikaa watano watano, swali moja kwa wiki, ubishi wao wenyewe utafanya nusu ya kazi ya mwalimu. Wala si lazima mashindano yawe ya wateule. Yale ya Kangaroo, yaliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1991 kwa kuiga mashindano ya Australia, ambako ndiko lilikotoka jina lake, yalikusudiwa watoto wote wa kawaida, nayo leo hufanywa na mamilioni ya watoto katika nchi nyingi kila mwaka. Hata hayo yana kasoro, kwa kuwa ni ya kuchagua jibu, na anayebahatisha hupata alama sawa na aliyefikiri.

Maofisa elimu wa wilaya na kata, ambao ndio hugharimia na kufungua mashindano haya kwa hotuba, wanayo madaraka ya kuyarekebisha. Karatasi ya mtoto iwe na nafasi ya kuchora na kueleza, na alama zitolewe kwa maelezo hata jibu likiwa na kosa. Zawadi za kuwahi kumaliza zifutwe. Darasa zima lishiriki, si watoto watano waliochujwa tangu Januari. Na ofisa anayetaka kujua kama shule fulani inafundisha au inakaririsha, asiombe kuoneshwa makombe yaliyo kabatini. Aingie darasa la nne bila taarifa, aandike ubaoni swali la vigoda na viti, kisha akae nyuma ya darasa na kungoja.