Biri ya Tajiri, Shisha ya Kijana

Pale Dagoretti Corner, njia ya Naivasha inapoungana na ya Ngong, mlalahoi hununua sigara moja moja, ingawa sheria ya mwaka 2007 yataka pakiti isiyopungua kumi. Bwana mkubwa huwasha biri nene ya Cuba, akakaa nayo saa nzima. Moshi haumezi, huuzungusha kinywani, akaonja ladha, akajiona amesalimika. Kumbe nikotini hupenya papo hapo kinywani, na saratani ya mdomo na koo haiulizi bei.

Disemba 2017 Serikali ilipiga marufuku shisha kwa ajili ya afya. Biri haikuguswa. Je, ndugu msomaji, moshi wa tajiri ni uvumba? Kwetu Waislamu, bei haiondoi israfu, huizidisha.